Mahindi Mabichi na Chupa ya Chumvi

Mwezi wa Oktoba unapoingia huko Trans Nzoia, chini ya Mlima Elgon, mahindi yaliyopandwa Machi na Aprili huwa yamegeuka rangi. Mwenye shamba huvunja hindi moja, akang'oa punje na kuitazama kitakoni. Akiona alama nyeusi, hujua ya kuwa limekwisha kukomaa. Lakini kukomaa si kukauka. Punje hiyo bado ina maji kadiri ya asilimia 30, na ghala yataka yasizidi asilimia 13.5. Kazi yote ya msimu imo katika tofauti hiyo.

Kwanza mabua hukatwa kwa panga, yakasimamishwa pamoja katika matita yaliyochongoka juu mfano wa paa la msonge, ili mvua iteremke nje na upepo upite ndani. Baada ya wiki kadhaa jamaa wote hutoka, hata watoto warudipo kutoka shuleni, kuchuma na kumenya. Mashine ya kupukuchua hukodiwa, na malipo yake huhesabiwa kwa gunia. Kisha punje huanikwa juu ya turubai, zikageuzwa mara nyingi mchana kutwa. Haifai kuanika juu ya udongo mtupu, kwani humo ndimo ukungu unamokaa. Wengine huanika kando ya barabara kwa sababu ya joto la lami. Mahindi hukauka upesi, lakini hupata na vumbi la malori na kwato za mbuzi.

Siku zizo hizo mchuuzi hufika langoni na fedha mkononi, akitaka mahindi mabichi kwa bei ya chini. Karo ya Januari yangoja, na wingu limetanda Elgon. Mkulima auzaye siku hiyo asilaumiwe upesi. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño ziliwakuta wengi mahindi yakiwa bado nje.

Hata hivyo mahindi yenye maji ni hatari kwa mwenyewe kuliko kwa mchuuzi. Mwaka 2004, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa aflatoksini, sumu ya ukungu ulioota katika mahindi yaliyowekwa nyumbani yangali na unyevu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Mkulima asiye na kipimo cha mashine anaweza kutumia chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Hutia punje kiasi, na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, akaifunga na kuitikisa dakika moja, kisha akaiacha itulie robo saa. Chumvi ikigandama ubavuni mwa chupa, mahindi yarudi juani. Isipogandama, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, na siku moja au mbili zaidi za jua zatosha.

Yakisha kukauka hutiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo dumuzi hufa kwa kukosa pumzi. Ila panya akiutoboa mfuko, kazi hiyo ni bure. Ndiyo maana katika nyumba nyingi paka wa ghalani hulishwa kwa heshima, ingawa si mpaka ashibe.