Gitaa la betri au lisilo na betri? Ijue tofauti kabla hujatoa hela

Unaingia dukani kununua gitaa la umeme. Muuzaji anakuonyesha mawili yanayofanana, ila moja bei yake imechangamka. Ukiuliza kwa nini, jibu ni fupi: "Hili ni aktivu, lina betri, linapiga zaidi."

Wengi hulipa hapo hapo wakiamini betri maana yake ni sauti bora. Si kweli. Betri inatatua matatizo fulani na kuleta mengine, na baadhi ya matatizo hayo yanatibika kwa bei ndogo bila kugusa gitaa.

Pikapu ni nini hasa?

Hapa si gari la mizigo. Pikapu ni kile kifaa kilichokaa chini ya nyuzi, katikati ya mwili wa gitaa. Ndani yake kuna sumaku na waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Kwenye pikapu nyingi za mtindo wa Fender Stratocaster, mizunguko ni kama 8,000.

Ukipiga uzi wa chuma, unatikisika juu ya sumaku. Mtikisiko huo unazalisha umeme kidogo sana kwenye waya, na umeme huo ndio unaosafiri kwenye kebo hadi kwenye amplifaya. Kampuni ya Rickenbacker ilitumia kanuni hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwenye gitaa la George Beauchamp lililopewa jina la utani "Frying Pan", yaani kikaango. Hadi leo kanuni ni ile ile.

Pasivu: haitaki betri

Pikapu pasivu ni sumaku na waya tu. Ndiyo inayokuja kwenye Stratocaster, Telecaster na Les Paul nyingi. Unachomeka, unapiga.

Shida zake ni mbili. Ya kwanza, ishara inayotoka ni dhaifu na ina ukinzani mkubwa, kwa hiyo inachoka njiani. Kebo ikiwa ndefu, sauti za juu zinaliwa na gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi.

Ya pili ni mvumo. Umeme wa majumbani Afrika Mashariki una masafa ya hezi 50, na koili moja ya pikapu huunasa kama antena. Ukisogea karibu na transfoma au taa za tyubu, unasikia "mmmm" kwenye spika hata kabla hujapiga.

Mvumo huo ulipatiwa dawa zamani, tena bila betri. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, alibuni pikapu ya koili mbili zinazofanya kazi kinyume, ili mvumo wa moja ufute wa nyingine. Ndiyo inayoitwa hambaka. Kwa hiyo muuzaji akisema "aktivu ndiyo isiyo na kelele", amesema nusu ya ukweli.

Aktivu: amplifaya ndogo ndani ya gitaa

Wengine hudhani betri inaipa sumaku nguvu. Hapana. Pikapu aktivu ina sumaku na koili kama nyingine, ila imeongezewa amplifaya ndogo sana ndani yake. Betri ya volti 9 inaendesha hiyo amplifaya tu.

Fikiria maji ya bomba. Pasivu ni kama tangi lililoinuliwa kidogo: maji yanatoka, lakini bomba likiwa refu presha inaisha. Aktivu imewekewa pampu pale pale kwenye tangi. Ishara inatoka na msukumo, kebo ndefu haiisumbui sana.

Kampuni iliyozipa jina pikapu hizi ni EMG ya California, iliyoanzishwa na Rob Turner miaka ya 1970. EMG 81 inajulikana sana kwa wapenzi wa muziki wa metali, hasa kupitia James Hetfield wa Metallica. Ila si za metali tu: David Gilmour wa Pink Floyd alizitumia kwenye Stratocaster yake nyekundu, na sauti yake ni laini na safi.

Basi, ipi ina sauti nzuri?

Aktivu hutoa sauti safi, iliyonyooka, inayofanana kila siku. Ukipunguza volyumu, inapungua tu, rangi ya sauti haibadiliki sana.

Pasivu inaitikia mkono zaidi. Ukipiga kwa upole inanong'ona, ukikaza inalia. Ukipunguza volyumu, sauti nayo inalainika, na wapigaji wengi hutumia tabia hiyo makusudi. Mpiga solo wa muziki wa dansi anayetaka gitaa lilie juu na kujibizana na gitaa la pili anaweza kukipata anachotaka kwenye pasivu.

Kuhusu ukubwa wa sauti, zipo pasivu zinazotoa ishara kubwa kuliko baadhi ya aktivu. Neno "aktivu" peke yake halikuambii lolote kuhusu hilo.

Betri nayo ina masharti yake

Betri ikikaribia kuisha, sauti inaanza kukwaruza na kufifia. Ikiisha kabisa, gitaa linanyamaza. Ikitokea katikati ya ibada au shoo, huna la kufanya mpaka ubadilishe.

Kwenye magitaa mengi ya aktivu, kuchomeka kebo ndiko kunakowasha saketi. Ukiacha kebo imechomekwa usiku kucha, betri inaliwa usiku kucha. Ukiichomoa, betri moja inaweza kukaa miezi mingi. Pima kwa mita kabla ya kupanda jukwaani: ikisoma chini ya volti 8, badilisha, na weka nyingine mfukoni.

Kubadilisha pasivu kuwa aktivu pia si kutoa moja na kuweka nyingine. Vile vitufe vya volyumu na toni vya pasivu huwa vya kiloomu 250 au 500. Aktivu kwa kawaida hutaka kiloomu 25, jeki ya aina nyingine, na nafasi ya kuweka betri. Fundi asiyejua hilo atakurudishia gitaa lenye volyumu inayoruka badala ya kupanda taratibu.

Wapiga besi nao waangalie. Besi nyingi zinazoitwa aktivu zina pikapu pasivu, ila kuna saketi ya betri ya kurekebisha besi na trebo. Baadhi zina swichi ya kuizima saketi hiyo, kwa hiyo betri ikifa unaendelea kupiga.

Kitu ambacho pikapu haitibu

Kwenye gitaa pasivu, nyuzi huunganishwa na waya wa ethi ili kupunguza mvumo. Ndiyo maana kelele hupungua ukizigusa. Hilo ni jambo la kawaida.

Lakini ukishika nyuzi, kisha ukagusa maikrofoni na kusikia umeme unakutekenya, acha kupiga mara moja. Ethi ya amplifaya, ya mikisa au ya jengo ina hitilafu. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni isiyo na ethi. EMG zinaweza kufungwa bila kuunganisha nyuzi na ethi, na hilo hupunguza hatari, ila dawa ni umeme uliofungwa vizuri. Usikate pini ya ethi kwenye plagi, hata kama mvumo unapungua.

Ufanye nini kabla ya kununua?

Anza na kebo. Azima nzuri na fupi, usikilize kama sauti za juu zimerudi.

Kama lazima utumie kebo ndefu, weka pedali yenye saketi ya kusukuma ishara karibu na gitaa. Pedali ya kutyunia ya Boss TU-3, kwa mfano, inayo ndani yake. Kebo fupi hadi kwenye pedali, ndefu kutoka hapo.

Kama shida ni mvumo, uliza kwanza bei ya hambaka pasivu inayoingia kwenye gitaa lako.

Baada ya hapo, ukiwa unapiga kwa distoshoni nzito, au unataka sauti isiyobadilika kwenye kila jukwaa, aktivu ni hela iliyotumika vizuri. Ukiwa unajifunza, unapiga nyumbani kwa kebo ya mita tatu, au unapenda sauti inayofuata mkono wako, baki na pasivu. Hela itakayobaki nunulia nyuzi mpya.