Walioleta Ukristo Kinondoni na Temeke

Historia ya Ukristo Dar es Salaam husimuliwa kuanzia ufukweni, kwenye makanisa mawili ya enzi ya Wajerumani yaliyokamilika 1902: Azania Front la Walutheri na Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki. Yanastahili heshima hiyo. Ila Wakristo wengi wa jiji hili husali kwingine: Mbagala, Tandika, Tandale, Kawe. Na huko, aliyepanda kanisa mara nyingi hakuwa mmisionari. Alikuwa mpangaji wa chumba kimoja, aliyekuja mjini kutafuta kazi.

Wamisionari walihangaika sana pwani. Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888, na Januari 1889, katika vita vya Abushiri, misheni yao ikavamiwa na baadhi yao wakauawa. Uislamu ulikuwa umetangulia mwambao huu kwa karne nyingi. Ukristo ulishika zaidi bara: Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe, Usukuma. Mitaa ya Magomeni, Temeke na Kinondoni ilipopanuka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watoto wa misheni hizo walishuka mjini kufanya kazi bandarini, relini, viwandani na maofisini. Walikuja na vyeti vyao vya ubatizo.

Kilichofuata wenyeji wa viunga hivi wanakijua. Familia chache zinakutana sebuleni kwa mmoja wao. Wakizidi, wanaomba darasa la shule siku ya Jumapili, kisha wananunua kiwanja kwa michango, wanafunga turubai, wanapandisha kuta kadiri fedha inavyopatikana. Kwa Wakatoliki jumuiya huzaa kigango, na kigango huwa parokia. Kwa Walutheri ni mtaa, kisha usharika. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Mpango huo uliifaa Dar es Salaam, jiji ambalo jirani yako anaweza kuwa Mhaya, Mmatumbi au Mngoni, na mnalazimika kusali, kuuguzana na kuzikana kwa Kiswahili.

Angalia Chang'ombe, Temeke. Kanisa la AIC (Africa Inland Church) lina mizizi Kanda ya Ziwa, ambako Africa Inland Mission ilianza kazi Nassa mwaka 1909. Leo kwaya ya vijana ya AIC Chang'ombe inajulikana mpaka Kenya, kama ilivyo Uinjilisti Kijitonyama ya Walutheri, upande wa Kinondoni. Kwa maoni yangu kwaya hizi zimehubiri kuvuka mipaka kuliko vitabu vingi vya teolojia, na mwanahistoria asiyezisikiliza hataielewa imani ya ukanda huu. Makanisa ya kiroho nayo yaliongeza kasi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mikutano ya injili viwanjani na maombi ya mkesha.

Haya ni ya Dar, lakini ndiyo historia ya dunia. Mwaka 1910 takriban thuluthi mbili ya Wakristo wote walikuwa Ulaya, na Afrika kusini mwa Sahara haikufikisha hata asilimia 2. Kufikia 2020, Afrika hiyo ilikuwa na karibu asilimia 31, na Ulaya asilimia 22. Wingi huo haukutokana na mahubiri ya wageni peke yake. Waafrika walihamia mijini wakaihamisha imani pamoja nao.

Na kuhama huko kumebadili pia nani anayeamua. Juni 1977, mwaka mmoja baada ya mauaji ya Soweto, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, wa kwanza kufanyika Afrika. Mwenyeji, KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), ilikuwa na umri wa miaka 14 tu tangu makanisa saba yaungane. Hapo ilitamkwa kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe. Halikuwa tena jambo la siasa ambalo kila kanisa lingelipima lipendavyo. Hapo pia Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa shirikisho hilo. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya Wazungu ya kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kushindwa kuuacha ubaguzi huo.

Mkutano wa 1977 una kumbukumbu zake. Turubai la Mbagala halina. Sensa ya mwisho kuuliza dini nchini ilikuwa ya 1967, kwa hiyo hatuna hata hesabu rasmi ya kutusaidia. Kilichopo ni daftari za jumuiya, risiti za michango, picha zilizofifia, na wazee wanaokumbuka ni nani alitoa sebule yake. Makatibu wa parokia na sharika, nawaomba: waandikeni wazee hao mwaka huu, majina yao na walikotoka, na nakala ya daftari itunzwe mahali pasipovuja mvua.