Tangi jipya na samaki wanaokufa

Juma hili nina barua ya msikilizaji wetu mmoja wa Tanga mjini, mzaliwa wa Mkwaja, Wilaya ya Pangani. Anasema alinunua tangi la kioo, akalijaza maji ya bomba, akatandika kokoto alizoziosha zikatakata, na siku ile ile akatia samaki wa mapambo 12. Siku ya nne wakaanza kufa. Juma la pili lilipokwisha hakubaki hata mmoja. Akamwaga maji yote, akasugua tangi na kokoto, akanunua 12 wengine. Hao nao wanakwenda vile vile, na sasa wamebaki watatu. Nyumbani anashukiwa binti wa kazi, kwamba ametia sabuni, na inasemwa arudishwe kwao.

Kisha anauliza: mbona kwetu Mkwaja mvua zikinyesha visamaki vinaishi katika dimbwi la matope lisilosafishwa na mtu, na hapa mjini vinakufa katika maji meupe kabisa?

Jibu limo katika swali lenyewe. Tope lile ndilo linalowaweka hai.

Samaki hutoa sumu iitwayo amonia, na sehemu kubwa hutokea kwenye matamvua anapopumua. Chakula kilichobaki kikioza, nacho hutoa amonia. Ni harufu ile ile inayochoma pua katika choo kisichomwagiwa maji. Katika dimbwi kuna bakteria walioshika kila chembe ya tope na kila jani. Bakteria wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa, nayo mimea huila. Si habari mpya hii: Mrusi Sergei Winogradsky aliwachunguza bakteria hawa katika udongo tangu miaka ya 1890.

Sasa tangi jipya halina bakteria hao. Watakuja wenyewe, lakini huchukua kiasi cha majuma manne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Katika siku za mwanzo amonia hupanda na kuunguza matamvua. Bakteria wa kwanza wakianza kazi, nitriti hupanda zamu yake, ikaharibu damu ya samaki hata isiweze kubeba oksijeni. Ndipo unamwona samaki akihema juu ya maji ilhali pampu ya hewa inatoa mapovu vizuri tu.

Kwa hiyo mwacheni binti wa watu. Sabuni haina subira ya siku nne, wala haichagui mmoja leo na wawili kesho. Mwenye kuwaangamiza wale wa pili ni kule kusugua, kwani bakteria wachache waliokwisha kuanza kushika kwenye kokoto walimwagwa pamoja na maji.

Nasi wa pwani tuna taabu zaidi. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali mara nyingi zaidi. Joto letu nalo hupunguza hewa majini. Maji ya bomba hutiwa klorini ili sisi tusiugue, lakini klorini hiyo huunguza samaki na kuua bakteria tunaowataka. Yaacheni katika ndoo iliyo wazi mchana na usiku kabla ya kuyatumia.

Mwenye rafiki aliye na tangi la zamani lenye samaki wazima amwombe konzi ya kokoto zake, zisizooshwa, au kipande cha sponji ya chujio. Hicho ni kianzio kizuri kuliko dawa nyingi za dukani. Aanze na samaki wawili au watatu, awape chakula kidogo mara moja kwa siku, na kila baada ya siku mbili tatu abadilishe robo ya maji, si yote. Sponji ikichafuka aisuuze katika maji aliyoyatoa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba.

Kuhusu visamaki vya madimbwi, nasikia wapo wanaokwenda kuvichota. Pwani hii ina samaki wa jamii ya Nothobranchius, ambao mayai yao hulala katika tope kiangazi kizima, huanguliwa mvua zikija, na wakubwa hufa dimbwi likikauka. Hata ukiwatunza vipi, umri wao ni wa miezi tu. Tena mbuga za iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja leo zimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na huko huchoti kitu bila ruhusa.

Ndugu yetu wa Tanga na abaki na watatu wake. Abadilishe robo ya maji leo, na asiongeze samaki mwingine mpaka majuma sita yapite.