Bia ya kilimo hai: ionje kabla hujaposti, na usiipige picha juani

Somo la leo nimelilipia mwenyewe, wewe lichukue bure.

Nauza vinywaji hapa Malampaka, wilaya ya Maswa, huku kwenye stesheni ya reli ya kwenda Mwanza. Duka ni dogo, wateja wengi nawapata kwenye status ya WhatsApp: Maswa mjini, Malya, Bariadi. Mwaka jana nikachukua katoni moja ya pilsna ya kilimo hai, bia ya kiwanda kidogo kutoka nje, zile wanaziita krafti. Chupa 24, za kijani. Nusu nililipa, nusu mali kauli kwa msambazaji wa Mwanza. Kwa duka langu huo ni mzigo mzito.

Basi, si unajua sisi wa mtandaoni, kwanza picha. Nikapanga chupa sita juu ya meza nje, saa saba mchana, jua la Usukuma mnalijua. Ilichukua kama saa nzima maana kila nikimimina kwenye glasi povu lilikuwa linaisha kabla sijapata picha ya maana (hiyo ilikuwa chupa ya saba, ikaenda na picha). Lakini zilitoka safi! Jioni hiyo hiyo mteja wa Maswa akachukua zote sita, ana send-off ya mdogo wake.

Kesho yake asubuhi voisi: "Kaka, hii bia yako inanuka kicheche. Umeniaibisha mbele ya wakwe."

Nikarudisha hela yote. Walikuwa wamefungua mbili, nne zikarudi. Kwa hasira nikamtumia msambazaji voisi ndefu kwamba kaniuzia bia mbovu. Yeye mtu mzima, akajibu neno moja tu: "Mdogo wangu, wewe umeionja?"

Sijaionja. Hata ile niliyomimina kwa ajili ya picha niliimwaga.

Binamu yangu aliwahi kufanya kazi baa ya hoteli Mwanza. Akaja Jumapili, akaweka kwenye friji chupa mbili: moja kati ya zile zilizorudi, nyingine kutoka ndani ya katoni. Akanipa moja moja bila kuniambia ipi ni ipi. Ya kwanza ilinuka kama maua na nyasi kavu, na mkate kwa mbali. Ya pili, kabla hata glasi haijafika mdomoni, kicheche. Bia ile ile, katoni ile ile. Kilichotofautisha ni ile saa moja ya picha.

Kumbe iko hivi. Uchungu wa bia unatokana na hopsi, maua ya mmea fulani unaotambaa. Mwanga wa jua ukipiga bia, ule uchungu wa hopsi unavunjika na kuungana na vitu vyenye salfa vilivyomo kwenye bia, ndipo inatoka harufu ile. Kwa jua kali inaanza ndani ya dakika chache. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo sana, nyeupe ndiyo kabisa haisaidii. Taa za kwenye friji la kioo nazo zinafanya hivyo hivyo, ila taratibu. Kopo halina shida hii.

Na pilsna inaumbuka kuliko bia nyingine. Ilizaliwa mji wa Plzeň, Ucheki, mwaka 1842, ilipopikwa na Josef Groll, mpishi wa bia kutoka Bavaria. Kimea cheupe, maji laini, hopsi za kutosha, na hamira inayofanya kazi kwenye baridi, halafu bia inalazwa kwenye baridi kwa wiki kadhaa. Inatoka ya dhahabu, angavu, chungu kiasi. Haina kimea cha kuungua wala matunda ya kuficha kosa. Ni shati jeupe, doa likiingia linaonekana.

Binamu akanionyesha karatasi ya alama wanayotumia waamuzi wa bia wa BJCP, Marekani. Jumla ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito wake mdomoni 5, na kwa ujumla wake 10. Hebu tazama hiyo 3! Mimi nilichoma saa nzima juani kutafuta alama tatu, nikapoteza kumi na mbili za harufu.

Sasa nikipokea bia mpya nafungua moja. Inakaa friji mpaka ipoe, ila isiwe barafu, maana baridi kali inaua harufu. Glasi naisuuza vizuri, mafuta na sabuni vinaua povu. Nanusa kwanza, ndiyo naonja, na lazima kumeza kidogo kwa sababu uchungu wa pilsna unausikia mwishoni, kwenye koo. Uchungu mzuri unakaa kidogo halafu unaondoka msafi, unatamani funda lingine. Nikisikia boksi lililolowa, najua imezeeka au imekaa kwenye joto. Harufu ya siagi au mahindi ya kuchemsha ikizidi, hilo ni la mpishi, hapo namrudia msambazaji nikiwa na uhakika. Ikiwa chachu wakati haitakiwi, siuzi. Kama wewe hunywi, tafuta mtu mwenye pua nzuri umlipe soda.

Hili la kilimo hai nalo wateja wananiuliza kila siku: "Kwa hiyo haina madhara?" Hapana, ni pombe kama pombe nyingine. Kilimo hai ni habari ya shambani: shayiri na hopsi zimelimwa bila mbolea na dawa za viwandani. Wenzetu wa Meatu, mkoa huu huu, wanalima pamba ya namna hiyo tangu miaka ya 1990. Halikuambii bia ni tamu. Angalia alama kwenye lebo: za Ulaya zina jani la nyota kwenye kijani, bidhaa za kwetu Afrika Mashariki zina Kilimohai, alama iliyoanza 2007. Kama lebo haina alama yoyote, usiandike kwenye posti yako.

Leseni ya vileo uwe nayo, stempu ya TRA iwepo kwenye chupa, na usimuuzie aliye chini ya miaka 18. Facebook Marketplace hairuhusu kuuza pombe kabisa, usihangaike.

Msambazaji nilimpigia simu, nikamwomba radhi kwa sauti, siyo kwa meseji. Chupa zilizobaki kwenye katoni ziliisha ndani ya wiki mbili. Picha nilipiga ndani, kwa chupa tupu, na maelezo niliandika hivi: "Pilsna ya kilimo hai, ina harufu ya maua na mkate, uchungu wake unasikika mwishoni. Kama umezoea bia laini, anza na moja. Inakufikia ikiwa kwenye boksi, usiianike juani."

Yule wa Maswa alichukua mbili. Alisema anampelekea mkwe.