Treni ndogo ya mvuke: usiiuze kwa kilo

Mtoto wa Kindu hahitaji kufundishwa treni ni nini. Mji wetu ulikua juu ya reli. Kompani ya CFL ilimaliza njia ya Kongolo hadi Kindu, kilomita 355, mwishoni mwa mwaka 1910, na kwa miaka mingi mashini zake zilikula kuni. Wazee waliofanya kazi ku gare wanajua kwamba mashini bila maji ni sanduku la hatari. Shikeni neno hilo, mtalikuta tena chini, juu mashini ndogo nayo iko na sheria ileile.

Mashini ndogo, ndiyo. Kule Ulaya, tangu karne ya 19, watoto wa wenye mali walipewa mashini ya mvuke ya kuchezea. Ni ndogo ya kushika kwa mikono miwili, lakini ni ya kweli: unatia maji, unawasha moto wa alkole chini, maji yanachemka, mvuke unasukuma pistoni, gurudumu linazunguka na filimbi inalia. Wajerumani walikuwa mafundi wakubwa wa kazi hiyo: Bing wa Nürnberg, Märklin wa Göppingen, na baadaye Wilesco wa Lüdenscheid, ambao wanazitengeneza hata leo. Waingereza wana Mamod, iliyoanza miaka ya 1930. Siku hizi wanaozinunua ni watu wazima zaidi kuliko watoto, na wengi wao wanataka iliyotumika, iliyozeeka.

Mtasema: sasa hiyo inatuhusu nini, sisi watu wa shimo? Inatuhusu sana.

Kasiteriti mnayochimba Kalima, Kailo na Punia, ikichomwa pamoja na makaa inatoa bati. Treni zile za kuchezea zilitengenezwa kwa chuma chembamba kilichopakwa bati ili kisishike kutu, na viungo vya boila vinashikwa na bati iliyoyeyushwa pamoja na risasi. Toa bati, na treni yote inaachana vipande vipande. Hatusemi kwamba bati ya Symetain, waliokuwa wakichimba Kalima tangu miaka ya 1930, iliingia katika treni hii ama ile. Bati ikishayeyushwa haina kijiji tena. Lakini mwaka 1942 Wajapani walipochukua Malaya, moja ya nchi zilizotoa bati mingi kabisa duniani, Uingereza na Marekani waligeukia bati ya Congo. Mwaka ule ule, kazi ya lazima vijijini kwetu ilipandishwa toka siku 60 hadi siku 120 kwa mwaka. Kule Uingereza nako viwanda vilikatazwa kutengeneza vitu vya kuchezea vya chuma, juu chuma kilitakiwa kwa vita. Mtoto wa Birmingham alikosa treni yake. Babu zetu walitoa theluthi ya mwaka, na hakuna aliyewauliza.

Tuje sasa upande wa franka. Mnunuzi wa mitraye anapopita katika avenue na mizani yake, anapima tu. Shaba nyekundu bei yake, shaba ya manjano bei yake, chuma bei yake. Boila ya mashini hizo ndogo ni ya shaba ya manjano, kwa hiyo inapendeza macho yake. Kama katika sanduku la babu, ama katika depo ya nyumba ya zamani ya kompani, mnakuta kitu cha namna hiyo, yeye atawalipa nusu kilo ya shaba, basi. Kitu kilekile, kikiwa na alama ya fundi wake na vipande vyake vyote, mkusanyaji wa Ulaya hakipimi kwa mizani. Treni za zamani za Märklin zimeuzwa mnadani kwa maelfu ya euro. Msiote ndoto lakini! Mamod za baada ya vita zilitengenezwa mingi sana na nyingi zina bei ya kawaida. Hata hivyo Wilesco mpya, ya kawaida tu, inapita euro 100, na hiyo tayari si bei ya mitraye.

Alama ya fundi tafuteni chini ya kibao ama kwenye boila. Ninyi mnaelewa haraka kuliko mtu wa duka: gunia bila etiketi, negosia anakunja uso. Treni bila alama nayo inashuka bei. Karatoni yake ya kwanza, hata imechanika, inapandisha. Na tunawaomba, msisugue kwa mchanga, msipake rangi mpya. Mama akiona kitu cheusi anataka king'ae, lakini rangi ya zamani ikishatoka hairudi, na ndiyo mnunuzi anayoilipia.

Wenye ndugu Brussels wawatume Place du Jeu de Balle, mtaa wa Marolles. Soko la vitu vilivyotumika liko pale tangu 1873, na linafunguliwa kila asubuhi. Tonton akikuta mashini ya mvuke, kwanza azungushe gurudumu kwa kidole: likikwama, pistoni ina kutu. Aangalie kama taa ya alkole ipo, juu ndiyo hupotea mbele ya vyote. Aangalie pia chini ya boila, kwenye viungo. Akiona bati imetiririka kama mshumaa, aiache, ama ailipe bei ya kitu cha kuweka tu kwenye kabati.

Kwa nini bati itiririke? Hapa tunarudia neno la wazee wa gare. Bati tupu inayeyuka kwa digrii 232, na ikichanganywa na risasi inaweza kuyeyuka kwa digrii 183 tu. Maji yakiwa ndani, boila inabaki juu kidogo ya digrii 100, na viungo vinakaa salama. Maji yakiisha, moto unapanda moja kwa moja kwenye bati, na dakika chache zinatosha kuiharibu. Mashini nyingi za mtumba zilikufa hivyo.

Anayetaka kuiwasha atie maji ya mvua, ambayo kwetu si shida, hadi robo tatu ya boila. Valvu ya usalama ibonyezwe kwanza. Isipocheza, msiwashe, juu mvuke uliokosa njia unapasua boila. Moto uwe wa alkole ya kuchoma. Esansi, hapana, hata tone moja. Na lutuku, kwa wale tunaowajua, ina maji mingi mno kwa kazi hii. Moto uzimwe kabla maji hayajaisha, boila ipoe kabisa ndipo ifunguliwe, na mtoto asiachwe peke yake nayo.