Vijidudu Ndani ya Nzi wa Ndizi

Wale nzi wadogo wazungukao ndizi zilizoiva mno (si wale watoboao maembe, hao ni wengine) mara nyingi hubeba mwilini vijidudu viitwavyo Wolbachia. Nzi jike huwarithisha watoto wake kwa njia ya yai. Yai likiharibika, navyo hupotea.

Katika urithi wa nzi huyo mna kipande kiitwacho gypsy, kiwezacho kuhama na kujipachika ndani ya jeni nyingine, kikaiharibu. Mwaka 2014 wataalamu wa Ufaransa walionyesha kwamba katika nzi wenye Wolbachia kipande hicho hujipachika mara chache zaidi ndani ya jeni ya ovo, ambayo nzi jike huihitaji ili apate mayai. Je, gypsy ilipungua? La, wingi wake ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni jinsi ilivyotawanyika ndani ya seli zilizolizunguka yai.