Skrubu 96 za jikoni

Kabati la jikoni lenye milango 12 lina bawaba 24, mbili kwa kila mlango. Bawaba hizi za kujificha, zenye kikombe cha chuma kinachozama ndani ya mlango, hushikwa na skrubu nne kila moja: mbili pembeni mwa kikombe, mbili kwenye bamba lililofungwa ubavuni mwa kabati. Jumla ni skrubu 96. Jengo la kupangisha lenye nyumba 40, kama yale yanayozidi kusimama Kimironko, Kigali, litakuwa na skrubu 3,840 za namna hiyo. Nyingi zimeingia kwenye chipbodi au MDF yenye unene wa milimita 16 au 18, si kwenye mbao.

Hakuna anayezihesabu hadi mlango mmoja ulegee na kuanza kukwaruza mlango jirani. Hapo ndipo fundi anapoitwa. Anafungua, unga wa bodi unamwagika kutoka kwenye tundu, skrubu inazunguka bila kukamata. Anakwenda kwenye duka la vifaa karibu na soko, anarudi na bawaba mpya, anaiweka mahali pa ile ya zamani, anatoboa kando kidogo ya tundu lililochoka, anakaza kwa drili.

"Mama, hii itashika."

"Fundi, ile ya mwaka jana nayo ilishika."

Ilishika kweli, kwa miezi kadhaa. Sababu ya kuachia inapimika kwa rula.

Kikombe cha bawaba karibu kila mahali duniani kina kipenyo cha milimita 35. Kwa hiyo mnunuzi hudhani kwamba bawaba ni bawaba, na anachukua yoyote iliyo mbele yake. Lakini matundu ya skrubu za kikombe hufuata ramani tofauti kulingana na mtengenezaji. Ramani ya Blum ya Austria ni 45 kwa 9.5: skrubu mbili zimeachana milimita 45, na mstari wao uko milimita 9.5 kutoka katikati ya kikombe. Salice ya Italia inajulikana kwa 48 kwa 6. Hettich ya Ujerumani ina 52 kwa 5.5. Bawaba zisizo na jina dukani huiga mojawapo ya hizo, na muuzaji mara nyingi hana haja ya kujua ni ipi.

Sasa ondoa bawaba ya 45 kwa 9.5, weka ya 48 kwa 6. Kila skrubu inasogea milimita 1.5 kwenda nje na milimita 3.5 kurudi nyuma. Umbali halisi kati ya kitovu cha tundu la zamani na la jipya ni milimita 3.8. Skrubu yenyewe ina unene wa milimita 3.5. Kinachobaki kati ya matundu mawili ni ukuta wa milimita 0.3, yaani mwembamba kuliko kucha ya kidole. Ukitoka 48 kwa 6 kwenda 52 kwa 5.5, umbali ni milimita 2 tu: hakuna ukuta kabisa, matundu yameungana. Badiliko lililo afadhali kuliko yote, kutoka 45 kwa 9.5 hadi 52 kwa 5.5, linaacha milimita 1.8. Chipbodi ni chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na chenga za tabaka la kati ni kubwa kuliko ukuta huo. Skrubu inashika kwa kubana chenga zilizoizunguka pande zote. Upande mmoja ukiwa shimo, chenga zinakimbilia huko, na uzi wa skrubu hauna cha kuuma.

Mwenye nyumba atasema mlango ni mzito. Hebu tuupime. Mlango wa sentimita 60 kwa 72, unene milimita 18, kwa bodi yenye uzito wa kilo 680 kwa mita ya ujazo, una kilo 5.3. Bawaba zikiwa milimita 100 kutoka kila ncha, zimeachana milimita 520. Uzito wa mlango uko katikati, milimita 300 kutoka bawabani. Piga hesabu ya wenzo: bawaba ya juu inavutwa kwa nguvu ya kilo 3 hivi. Gawa kwa skrubu mbili, ni kilo moja na nusu kwa skrubu. Hata chipbodi duni inabeba hiyo bila kuhema.

Mtoto wa kilo 15 akining'inia ncha ya mlango, nguvu hiyo inaongezeka kwa kilo 17. Bado si janga. Janga ni pale mlango unaposukumwa kupita pembe yake ya mwisho, kwa nyonga ya mtu aliyebeba sufuria kwa mikono miwili. Kilo 10 tu za msukumo kwenye ncha, milimita 600 kutoka bawabani, zinageuka wenzo ambao egemeo lake ni bamba lenye upana wa sentimita chache. Ukikadiria sentimita 3, kila bawaba inang'olewa kwa nguvu inayokaribia kilo 100. Hapo skrubu inatoka na chenga zake. Kosa halimo kwenye uzito wala, mara nyingi, kwenye bawaba. Blum hujaribu bawaba zake kwa kufungua na kufunga mara 200,000. Kwa familia inayofungua mlango mara 20 kwa siku, hiyo ni miaka 27. Chuma kinabaki kizima wakati bodi imeshakwisha, na bado fedha ya matengenezo huenda kwenye chuma.

Fundi aliyejifunzia kazi kwenye mbao ana kisingizio cha haki. Kule Gakinjiro ya Gisozi, ambako Kigali inanunua vitanda, milango na meza, tundu lililolegea kwenye fremu ya mbao lina dawa ya sekunde kumi: toa skrubu ya milimita 25, weka ya 50, inakwenda kukamata mbao ambayo haijaguswa. Tena nguvu ya mbao kushika skrubu hupanda kwa mraba wa msongamano wake. Mbao yenye msongamano wa 0.7 hushika karibu mara 2.4 zaidi ya yenye 0.45, ingawa uzito wake ni mara 1.6 tu. Tatizo la mbao liko kwingine: matundu yakipangwa kwenye mstari mmoja wa nyuzi, hupasuka. Kwa hiyo fundi wa mbao amezoea kusogea kidogo na kwenda ndani zaidi. Kwenye bodi ya milimita 18 hakuna ndani zaidi. Skrubu ya 3.5 kwa 16 ikipita kwenye bamba la milimita 2 inazama 14, na zimebaki 4 kabla ya kutokea upande wa pili. Kwenye bodi ya 16 zimebaki 2.

Watu wengine wanaoishi na kitu chembamba kisicho na kina ni mafundi wa ski za Ulaya na Marekani. Ski ni ubao mwembamba wenye tabaka nyingi wa kutelezea kwenye theluji, na kiatu hushikwa na kifungio kilichofungwa kwa skrubu za milimita 5.5 kwenye matundu ya kina cha milimita 9 hivi. Ski ikibadilisha mmiliki au kiatu, kifungio kinahamishwa. Kanuni yao ya kawaida ni kuacha sentimita moja hivi kati ya kitovu cha tundu la zamani na cha jipya. Isipowezekana, wanaziba tundu kwa gundi na kurudi pale pale. Hawatoboi nusunusu, kwa sababu anayeteremka mlima kwa kasi hataki kujua kifungio kitaachia lini.

Kanuni hiyo inafaa kabati vilevile: ama urudi kwenye tundu lile lile ukiwa umeliziba, ama uondoke kabisa.

Kuondoka kabisa kuna bei yake. Kikombe cha milimita 35 hakiwezi kusogezwa kwa sentimita moja. Lazima uhame angalau milimita 50 kando ya ukingo ili ubaki na bodi kati ya vikombe viwili. Ukizihamisha bawaba zote mbili kuelekea katikati ya mlango, umbali wao unashuka kutoka 520 hadi 420, na mvuto wa bawaba ya juu unapanda kwa asilimia 24. Hamia nje, kuelekea ncha, umbali unakuwa 620 na mvuto unashuka kwa asilimia 16. Mafundi wengi huhamia ndani kwa kuwa ndiko kuna nafasi ya mkono. Nje ni bora, mradi rafu au ubao wa juu wa kabati haulizuii bamba.

Kuziba ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Toboa tundu lililochoka kwa biti ya milimita 8, kina 14. Pigilia humo kijiti cha mviringo cha mbao ngumu kilichopakwa gundi ya mbao, kata usawa wa bodi, kisha toboa upya katikati yake kwa biti ya 2.5. Skrubu ya 3.5 inagusa chipbodi kwa eneo la milimita za mraba 154; kijiti cha 8 kinaigusa kwa 352, na chote kimegandishwa. Mzigo ule ule umesambazwa mara 2.3 zaidi. Kijiti kina udhaifu wake, kwa kuwa skrubu inaingia kufuata urefu wa nyuzi, na mbao kwa upande huo hushika kama robo tatu ya nguvu yake ya ubavuni. Bado inaishinda chipbodi iliyokwisha kusagika. Kwenye bamba la ubavuni unaweza kwenda hadi kijiti cha 10. Kwenye mlango usithubutu: kwa ramani ya Blum au Salice, kitovu cha skrubu kiko milimita 7 tu kutoka ukingo wa kikombe. Kijiti cha 8 kinaacha ukuta wa milimita 3, cha 10 kinaacha 2, na nyundo itaupasua.

Vijiti vya meno na gundi, dawa ya majumbani, hufanya kazi kwenye mbao. Kwenye chipbodi vinaweza kusukuma chenga nje na kupanua shimo.

Sasa gharama. Kuziba matundu yote 96 ya jikoni nzima kunakula mita 1.34 za kijiti na gundi isiyojaza kikombe cha chai. Kubadilisha milango yote 12 kunahitaji bodi mbili nzima za milimita 2,440 kwa 1,220, kila moja ikitoa milango sita, pamoja na mita 32 za utepe wa kingo, na bado matundu ya ubavuni mwa kabati yamebaki yalivyo. Kununua kabati la kutoka nje ni ghali zaidi: nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Julai 2022 samani ziwe kwenye kundi la ushuru wa forodha wa asilimia 35. Kwa kiwango hicho, ongeza kodi ya ongezeko la thamani (TVA) ya Rwanda ya asilimia 18 juu yake, na samani ya faranga 100 mpakani inakuwa 159 kabla ya tozo ndogo na faida ya muuzaji.

Kwa nini basi fundi haitaji kijiti? Kwa sababu ya saa. Gundi ya mbao hushika baada ya nusu saa, lakini hutakiwi kuibebesha mzigo kabla ya saa 24. Maana yake ni safari mbili, na fundi wa Kimironko hulipwa kwa kazi iliyokwisha leo. Nauli ya pikipiki ya kesho inatoka mfukoni mwake. Kwa mlango mmoja, hesabu yake ni sahihi na ya mteja ni mbovu. Kwa milango 12 mambo yanageuka. Tuseme dakika 3 kuziba kila tundu na dakika 2 kutoboa na kukaza kesho yake: saa 4 na dakika 48 siku ya kwanza, saa 3 na dakika 12 siku ya pili. Ni siku moja ya kazi iliyokatwa vipande viwili. Mwenye jengo la nyumba 40 anayemwita fundi mlango kwa mlango analipia safari, wala si kazi. Afadhali asubiri mpangaji ahame, azibe jikoni nzima, na alipe siku mbili bila kubishana.

Drili iwekwe kando wakati wa kukaza. Mzunguko mmoja wa ziada wa mashine unasaga kile kilichojengwa jana. Bisibisi ya mkono inatosha, na kama skrubu inarudi kwenye tundu lake zuri la zamani, izungushe kwanza kinyume, polepole, hadi uisikie ikidondoka kidogo kwenye uzi wake. Kisha kaza. Usipofanya hivyo inachonga uzi mpya juu ya ule wa kwanza, na tundu limepoteza sehemu ya uwezo wake wa kushika.

Kuna mahali kijiti hakisaidii: chini ya sinki. Pima ukingo wa bodi kwa rula. Ikiwa ilikuwa 18 na sasa inasoma 20, maji yameshaitenganisha ndani, na kijiti kitang'oka pamoja na bodi inayokizunguka. Hapo kata ubavu huo mmoja tu, weka mpya, uzibe kingo zake zote kabla haujaingia mahali pake, pamoja na ule wa chini unaokaa sakafuni ambao mafundi huuacha wazi kwa kuwa hakuna anayeuona.